Ng'ombe Aliyenifundisha Kulenga

Manati niliinunua Sosiot siku ya soko, kwa fundi wa pancha, na nilimdanganya kwamba ni ya mtoto wa dada yangu. Mwanamke wa umri wangu, mwimbaji wa kwaya, mwenye watoto watatu shule ya bweni, hawezi kusimama mbele ya watu akasema anatafuta silaha. Fundi alikuwa nazo kadhaa, zimening'inia kwenye msumari pamoja na tyubu kuukuu na helmeti moja iliyopasuka. Nilichagua ile ya bei ya chini kabisa.

"Hiyo feya ni moto, mathe," akaniambia, feya akimaanisha manati. "Nimetest mimi mwenyewe. Unaona ile mabati pale? Inaingia ndani kabisa."

Nilitazama bati alilonionyesha. Halikuwa na hata mkwaruzo. Lakini siku hiyo nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira huwa sichagui vitu, navibeba tu. Nikaifunga kwenye leso, nikaiweka kikapuni chini ya sukuma wiki, nikarudi nyumbani nikitembea kama mwizi.

Hasira yenyewe ilikuwa ya tumbili.

Nyuma ya jiko langu kuna kipande cha shamba la mahindi. Kilima chetu chote kimevaa chai kutoka barabarani hadi mtoni, kwa hiyo hayo mahindi yangu yanaonekana kama kiraka cha rangi nyingine kwenye sweta la shule. Kipande hicho nilipewa na mama mkwe wangu wiki niliyoolewa. Nilikuwa nimetoka kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, binti wa watu wa ziwani, nisiyejua neno la Kipsigis zaidi ya salamu. Alinishika mkono, akanipeleka pale nyuma, akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Hapa ni yako. Panda kitu unakula." Akanipa na mbegu, mahindi meupe ambayo mpaka leo nayapanda yale yale. Nilimpenda yule mama. Alipofariki nililia kuliko binti zake, na hilo lilisemwa kwenye matanga, na mimi sikujali.

Baada yake, baba mkwe alianza kukitazama kile kipande. Sisi wote nyumbani tunamwita kugo, yaani babu, kama watoto wanavyomwita. Kugo ni mtu wa chai. Kila akiona ardhi isiyo na chai anaona kama mtu ameacha sufuria motoni bila kitu ndani. Na tumbili walikuwa wamempa sababu, kwa maana misimu miwili mfululizo walikuwa wamekula mahindi yangu mpaka nikabaki kuvuna mabua.

"Tumbili hakuli majani," aliniambia, amesimama upande wake wa ua wa waya unaotenganisha nyumba yake na yetu. "Umewahi kuona tumbili ikibeba majani ya chai? Hii msimu wakimaliza tena, mvua ikija tunaweka chai hapo. Tusisumbuane."

Hakuwa anatania. Alikuwa ameshaotesha miche kwenye vifuko vya plastiki, chini ya kivuli cha magugu makavu, karibu kabisa na ua wetu ili niione kila ninapotoka kumwaga maji. Kila asubuhi aliinyunyizia maji na kopo, polepole, huku akitazama shamba langu kama mtu anayepima godoro jipya.

Sasa kuna jambo watu wa mjini hawaliamini ukiwaambia. Tumbili wa huku kwetu wanamjua mwanamke na wanamjua mwanamume. Mimi nilitoka na sufuria na mwiko, nikapiga kelele mpaka majirani wa ng'ambo wakadhani kuna harusi, na dume kubwa la tumbili likakaa pale pale juu ya ua, likamenya hindi langu, likanitazama tangu kichwani hadi kwenye ndala. Halafu likachukua lingine. Kugo naye akitoka nyumbani kwake, anakohoa mara moja tu, na kundi zima linaruka mtoni. Alikuwa anakohoa kwa madaha. Nilipomwomba awe anapita nyuma ya jiko akohoe angalau asubuhi na jioni, alisema ana chai ya kuchuma.

Mume wangu anaendesha lori, yuko Nakuru zaidi kuliko nyumbani. Nilimpigia simu.

"Si ununue mbwa?" akasema.

"Mbwa tulikuwa naye. Wakija alikuwa anajificha nyuma yangu."

Alicheka sana. Nilimkatia simu, na kesho yake ndiyo nikaenda Sosiot.

Nilitundika mkebe wa mafuta ya kupikia kwenye nguzo ya ua, nikarudi mpaka mlangoni mwa jiko, nikaokota jiwe, nikavuta. Sikuwa na nia ya kuua tumbili. Kuua kunaleta watu wa serikali, na mimi sitaki watu wa serikali nyuma ya jiko langu. Nilitaka tu kumchapa yule dume mahali pa kukalia, ili naye siku moja ajue mimi ni nani. Jiwe la kwanza lilikwenda kulia, likaangukia beseni la kuku. La pili likaenda kulia zaidi. La tatu lilivuka ua, likapaa juu ya miche ya chai, likatua kwenye paa la kugo kwa sauti ambayo naamini ilisikika Kapkatet.

Kugo akatoka. Alitazama paa, akatazama mkebe ambao ulikuwa umetulia kwenye nguzo bila wasiwasi wowote, akanitazama na manati yangu mkononi. Nilingoja matusi. Alikwenda kwa ng'ombe wake mweusi aliyekuwa amefungwa malishoni hapo kando ya ua, akaketi kwenye kigoda, akawa anamtazama ng'ombe.

Inabidi nieleze heshima ya nyumba hii, maana bila hiyo mtu atadhani mzee aliharibikiwa akili. Kugo ni wa zamani. Tunasalimiana, tunaongea habari ya maziwa, karo, mvua na wagonjwa. Lakini baba mkwe wa aina yake hawezi kumwambia mke wa mtoto wake jinsi ya kusimama, wala kutaja bega lake, wala kumwonyesha mkono wake uende wapi. Mwili wangu haumhusu, hata kwa maneno. Hata kwetu ziwani mkwe ni mkwe, kwa hiyo nilimwelewa. Na huyu ni mzee ambaye ujanani alikuwa stadi wa kulenga kwa upinde. Upinde wenyewe bado umechomekwa darini mwa nyumba yake, na sisi wanawake hatuugusi.

Basi nikaokota jiwe la nne. Nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya waya.

"Wewe ngombe," kugo alimwambia ng'ombe wake. "Leo unaokota mawe ya duara, kesho ya bapa, kesho kutwa kama kiazi. Ukikosa utasema ni feya. Hapana. Ni mawe."

Ng'ombe aliendelea kucheua. Mimi nilisimama na jiwe langu, ambalo kwa kweli lilifanana na kiazi.

"Udongo wa mtoni iko," akaendelea kumwambia ng'ombe. "Mtu anafinyanga, anakausha. Zote zinakuwa saizi moja."

Jioni ile niliteremka mtoni nikachimba udongo. Nilifinyanga vidonge kama kaimati, nikavipanga kwenye sinia juu ya meko vikauke. Mwalimu wetu wa kwaya alipopita kunisalimia alitaka kuonja kimoja, na nilifikiri kidogo kabla ya kumzuia.

Kwa vidonge vile mambo yalibadilika, lakini si sana. Sasa nilikuwa nakosa kwa mpangilio. Kila kidonge kilipita kulia kwa mkebe, mahali pale pale, upana wa kiganja. Nikaanza kulenga kushoto ili nipate katikati. Nilikuwa nimeanza kuona fahari ya ugunduzi huo wakati kugo alipokohoa.

"Ngombe, mguu yako moja ikiwa fupi, utatembea ukiangalia kando maisha yako yote? Si utatengeneza mguu?"

Nilimjibu ng'ombe. Sijui ni nini kilinipata, lakini nilimgeukia yule ng'ombe mweusi nikamwambia, kwa adabu zote, "Ng'ombe, muulize huyo anayekuongelesha, mguu upi?"

Kisha kugo akamkuna ng'ombe nyuma ya sikio.

"Ngombe, mwambie aangalie mipira. Ile fundi amekata moja kwa tyubu ya pikipiki, ingine kwa tyubu ya baiskeli."

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Mpira mmoja mnene, mwingine mwembamba. Mzee alikuwa ameuona kutoka ng'ambo ya ua na macho yake yale ambayo kanisani hayaoni hata namba ya wimbo. Nilifungua kamba, nikaukata ule mwembamba, nikatafuta tyubu kuukuu ya pikipiki nyuma ya choo, nikakata mipira miwili ya urefu mmoja nikiipima kwa kijiko. Nilimtukana fundi wa pancha kwa lugha tatu nikiwa nafunga mafundo. Kidonge cha kwanza baada ya hapo kiligonga nguzo. Cha pili kiliuangusha mkebe.

Niliruka. Nilipiga kigelegele. Nilipotazama ng'ambo, kugo alikuwa ameinama anafunga kamba ya ng'ombe ambayo haikuwa imefunguka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka mahindi yalipotoa ndevu. Asubuhi kugo alinyunyizia miche yake, ambayo ilikuwa inanenepa kwa ajili ya shamba langu, kisha akaketi kwenye kigoda kumfundisha ng'ombe kulinda shamba hilo hilo. Ng'ombe alifundishwa kwamba kiwiko kinakaa chini, hakirushwi hewani kama bawa la kuku. Alifundishwa kuvuta mpaka kidole gumba kiguse shavu, mahali pamoja kila siku. Alifundishwa kwamba ukishika sana mkono unaanza kutetemeka, kwa hiyo vuta, ona, achilia. Kwa ng'ombe, alikuwa na elimu kubwa. Mimi nilirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka mlango wa jiko mpaka mti wa parachichi, kutoka hapo mpaka kwenye tangi la maji, na mkebe uliendelea kuanguka.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nilimwambia ng'ombe, "Muulize mzee wako, anataka nini hasa? Anataka nikose au nipate?"

Kugo aliinama. Aling'oa jani, akalitafuna.

"Ngombe," akasema, "mimi nataka chai. Hiyo sijaficha. Lakini kuangalia mtu akivuta vibaya namna ile, inaniuma tumbo. Siwezi lala."

Nilimwamini. Niliingia ndani nikacheka peke yangu, lakini usiku niliwaza ile miche na kicheko kikaisha. Mtu anaweza kukufundisha kupika ugali na bado akakuchukulia sufuria.

Mahindi yalipoanza kujaa maziwa nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimejifunza kulenga nikiwa na blauzi na leso, mikono wazi. Lakini akili yangu ikaniambia: tumbili wanaogopa mwanamume, basi wapate mwanamume. Nikatoa sandukuni suruali ya mume wangu, koti lake kubwa la mvua, gambuti, na kofia. Nilijitazama kwenye kioo, nikajiogopa mwenyewe. Mwanamke kuvaa suruali ya mumewe nyumbani kwa wakwe si jambo la kutangaza, kwa hiyo nilitoka kukiwa bado na ukungu, nikajificha katikati ya mistari ya mahindi. Sikujificha vya kutosha.

"Ngombe," nikasikia. "Kijana yangu amerudi kutoka Nakuru. Amenenepa. Huko kuna chakula."

Sikujibu. Nilikuwa mwanamume.

Tumbili wakaja kutoka mtoni, kimya kimya, wakipita juu ya ua mmoja baada ya mwingine. Walipoona kofia yangu walisimama. Nilifurahi. Nikatia kidonge, nikavuta, nikaachilia, na upana wa mkono wa koti ukanaswa na mpira. Kidonge kikaanguka mbele ya gambuti langu. Nikatia kingine. Hicho kilinipiga kidole cha mguu, na mimi nikalia kwa sauti yangu halisi, sauti ya kwanza ya kwaya.

Dume kubwa likainua kichwa. Likasikiliza. Halafu likateremka taratibu kutoka kwenye ua, likaja mpaka mstari wa kwanza, likanitazama kutoka kwenye kofia hadi kwenye gambuti, na nakuapia liliona ndala. Likavunja hindi la kwanza. Wengine wakamwagika nyuma yake kama watoto wa shule wakisikia kengele. Nilisikia mahindi yakivunjika kushoto na kulia, yale mahindi meupe, mbegu ya mama mkwe wangu, na nyuma yangu ng'ambo ya waya ile miche ikingoja kwenye vifuko vyake. Niliona wazi shamba likiondoka.

"Vua hiyo koti!"

Ilikuwa sauti ya kugo, na hakuwa anaongea na ng'ombe.

"Vua, mama! Wewe! Vua hiyo koti! Ulijifunza bila koti!"

Niliitupa. Nilibaki na blauzi juu na suruali ya mtoto wake chini, mbele ya macho yake, ukungu ukiwa umeshaondoka.

"Kiwiko chini! Chini! Shavu! Usishike sana, achilia!"

Niliachilia. Kidonge kilikwenda pale macho yangu yalipokuwa. Kilimpata yule dume mahali pale pale nilipomwahidi, kwa mlio mkavu kama wa kofi, na akaruka juu mpaka nikaona hewa tupu chini ya miguu yake yote minne. Hindi lilianguka. Alitoa ukelele ambao sijausikia tena tangu siku hiyo, na kundi zima likarudi mtoni likikanyagana. Niliwatumia vidonge viwili vya kuwasindikiza. Vyote viligonga ua, katikati, bila kwenda kulia hata kidogo.

Kugo alikuwa amesimama ameshika waya wa ua kwa mikono miwili, kofia yake imeanguka. Nilimtazama, akanitazama, na wote wawili tukakumbuka kwa wakati mmoja kilichotokea. Alikuwa ameutaja mkono wangu. Alikuwa amelitaja shavu langu. Na mimi nilikuwa nimevaa suruali.

Aligeuka haraka kwa ng'ombe. "Wewe ngombe," akasema kwa ukali, "unaona vile umefanya nipige kelele?" Akaokota kofia akaenda zake. Mimi nilichuchumaa katikati ya mahindi mpaka nilipohakikisha amefunga mlango.

Dume yule hakurudi kwangu msimu ule. Walikuja wadogo wawili watatu kupeleleza, wakaona leso yangu, wakakumbuka jambo. Majirani wanawake waliniambia kwamba hata kwao sasa wakipiga sufuria tumbili wanaondoka, na nilipokea shukrani zao bila kueleza mengi. Nilivuna. Hindi la kwanza nililichoma vizuri, nikaliweka juu ya nguzo mahali pa mkebe, nikamwambia ng'ombe kwamba hilo ni la mwalimu. Nilipotoka tena lilikuwa limeliwa, na gunzi limerudishwa juu ya nguzo kwa heshima.

Lakini hatukuongea habari ya miche. Nilipanda tena mvua ilipokaribia, mbegu ile ile, na moyo haukutulia. Msimu mmoja si ushindi, na kugo alizidi kunyunyizia maji. Mahindi yalipofika magotini, nikaamka asubuhi moja nikasikia jembe. Nilitoka na kanga ya kulalia, tayari kwa ugomvi ambao nilikuwa nimeuandaa kwa miezi, na maneno yake yote nilikuwa nayajua.

Kugo alikuwa analima malisho ya ng'ombe wake. Kipande chote, kutoka kwenye kigoda mpaka chini. Mashimo yalikuwa yamepangwa kwa kamba, na miche ya kwanza ilikuwa imeshaingia ardhini. Nilisimama pale na ugomvi wangu mdomoni, sina pa kuupeleka.

Nikajiuliza, sasa ng'ombe atakula wapi? Jibu nililipata nilipozunguka jiko. Ng'ombe mweusi alikuwa amefungwa upande wangu wa waya, kwenye nyasi kati ya mlango wa jiko na mahindi. Kigoda cha kugo kilikuwa kando yake. Ndipo nilipoelewa kwamba tangu mama mkwe afariki, yule mzee hakuwa na mtu wa kuongea naye asubuhi, na kwamba mimi nilikuwa nikimjibu. Nilishikwa na machozi pale pale, nikajifanya moshi umeniingia.

Kugo alikuja akifuta udongo mikononi. Hakunitazama. Aliketi, akamwelekea ng'ombe, akamwonyesha shamba kwa kidole.

"Wewe ngombe, nyasi ni yako. Lakini hiyo mahindi usiguse. Hiyo shamba iko na mwenyewe, na huyo mwenyewe siku hizi hakosi."

Ng'ombe alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akanyoosha shingo na kung'oa jani la kwanza la mahindi. Nikaingia jikoni kutafuta manati.